Kadi Tisa za Anti Dzifa

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, saa sita mchana, Madamu Dzifa Agbenyega atakabidhi funguo za chumba cha programu na kustaafu, baada ya kuitumikia kampuni yetu ya Fafa hapa Tema kwa miaka thelathini na minne na majuma matatu. Hayo majuma matatu ameyahesabu mwenyewe. Nilipompa rasimu ya ukurasa huu aisahihishe, aliyaongeza kwa kalamu nyekundu, akanirudishia.

Rasimu aliyoiona ilikuwa nusu ya hii. Nusu ya pili hajaiona, na nimemwomba mchapaji asimwonyeshe mpaka awe amekwisha kutia sahihi yake ya mwisho kwenye daftari la getini. Nina sababu. Katika jalada lake la utumishi kuna sentensi moja isiyo ya kweli. Imekaa humo miaka minne, imemnyima cheo alichostahili, na anayeijua sentensi hiyo kuliko mtu yeyote ni mimi ninayeandika. Nitaifikia. Kwanza tumsindikize kwa heshima yake.

Anti Dzifa aliajiriwa Jumatatu, tarehe 3 Juni 1991, akitokea chuo kikuu Kumasi, akiwa na umri wa miaka ishirini na sita, viatu vya kuazima na cheti ndani ya bahasha ya kaki. Wakati huo wahandisi watatu walikuwa na kompyuta moja, na kila mmoja alikuwa na saa zake za kuikalia. Yeye alipewa saa za chakula cha mchana, kwa kuwa wale wawili hawakuwa tayari kuachia kenkey yao ya mahindi. Basi akajifunza kula kwa mkono mmoja upande wa kushoto wa meza na kuandika kwa mwingine upande wa kulia, kitambaa kimefunika nusu ya kibodi ili pilipili ya shito isidondokee herufi. Kitambaa hicho bado kipo. Kimefuliwa mpaka maua yake yamefutika, na hakuna aliyethubutu kumnunulia kingine.

Kwa wenzetu wa karakana, stoo na mapokezi, ambao mmemwona akipita miaka yote bila kujua anafanya nini mle ndani, niruhusuni nieleze kidogo. Jokofu letu la chanjo lina ubongo mdogo, na ubongo huo unaendeshwa na programu tunayoiandika kwa lugha iitwayo C. Ndani ya programu mna vigeu. Kigeu ni chombo chenye jina kinachowekwa namba inayobadilika, kwa mfano joto la ndani ya jokofu. Programu yenyewe imegawanywa katika mafaili mengi: moja linasoma kipimajoto na kuliandika joto kwenye kioo cha mbele, jingine linaweka kumbukumbu, jingine linapiga kengele chanjo zikipata joto. Yote yanahitaji kulijua joto hilo hilo. Kwa hiyo chombo kinajengwa mara moja tu, katika faili moja, na mafaili mengine yanapewa tangazo kwamba chombo chenye jina hili kipo, kwingine. Matangazo hukusanywa katika faili fupi linalosomwa kabla ya mengine. Tunaliita faili la kichwa.

Ni hayo tu. Anti Dzifa ametumia miaka thelathini na minne kuhakikisha kwamba kila chombo kimejengwa mahali pamoja na kutangazwa mahali panapostahili. Ukiniambia hiyo ni kazi ndogo, nitajua hujawahi kutafuta namba iliyopotea katika mistari elfu kumi na moja.

Maana hivyo ndivyo alivyoikuta. Programu yote ilikuwa faili moja la mistari elfu kumi na moja, vigeu vimetupwa huku na huko, vingine vina majina ya herufi moja, na kimoja kilipewa jina la mchumba wa mtu aliyekuwa amekwisha kuacha kazi. Alitumia mwaka mzima kuligawa faili hilo. Kisha akasikia kwamba shule moja ya wasichana inatupa kabati la kadi la maktaba yao, akalipandia gari na kurudi nalo. Kabati hilo la mbao, lenye droo ishirini na nne, ndilo lililoko mlangoni mwa chumba chetu. Kila kigeu kinachotumiwa na zaidi ya faili moja kina kadi yake humo. Jina. Anakoishi. Anayeruhusiwa kumbadilisha. Wanaomsoma tu.

Ndiyo, ameandika anakoishi, kama vile ni mtu. Wageni hucheka, nami nilicheka.

Tena kulikuwa na desturi yake ya Ijumaa. Kigeu kipya hakikuingia kwenye faili la kichwa kimya kimya. Kilitolewa nje, kama tunavyomtoa mtoto nje siku ya nane apewe jina. Mhandisi alisimama mbele ya kabati na kadi mkononi, akalitaja jina mara tatu, akasema kitaishi wapi na nani atakigusa. Kisha Anti alimpa aonje maji, halafu aonje soda ya kimea, badala ya ile pombe ya nyumbani ambayo kampuni isingeiruhusu. Na kama wazee wanavyomwambia mtoto, alimwambia mhandisi: "Ukionja maji, sema maji. Ukionja kimea, sema kimea." Ndipo kadi ikaingia kwenye droo. Wengi wetu tulikwenda kwa ajili ya ile soda. Lakini ukishalitaja jina la kitu mara tatu mbele ya watu, huwezi tena kujifanya hukijui.

Hakuwa mpole wakati wote. Faili la kichwa lisilo na ile mistari mitatu ya kulizuia lisisomwe mara mbili alikuwa akiliita "mgeni anayepiga hodi akiwa ameshakaa." Mtu aliyeandika kigeu bila kadi alikuta kiti chake kimegeuzwa kikitazama ukuta. Mkurugenzi wetu, Bwana Frempong, alipopendekeza kabati liondolewe ili pawekwe mashine ya kahawa, Anti alimjibu, "Sawa Mkurugenzi, na siku kengele isipolia, tutawapelekea akina mama wanaosubiri chanjo kahawa." Mashine ya kahawa iko koridoni mpaka leo.

Sasa nusu ya pili.

Mimi, Lantei Quarcoo, niliingia Fafa Februari 2021. Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu, nimefanya kazi Accra katika kampuni mbili zenye vioo na zulia, na kabati la kadi niliona ni la kizee. Nilikuwa katika miezi sita ya majaribio. Mke wangu, Naa Dei, alikuwa na mimba ya miezi mitano.

Mwezi wa Mei, Anti Dzifa alifiwa na kaka yake, akaenda Hohoe kwa majuma mawili. Aliniachia chumba. Majokofu kumi na mawili yalikuwa yasafirishwe kwenda vituo vya afya vya kando ya Ziwa Volta, na wiki hiyo hiyo tulikuwa tumebadilisha kompaila, ile programu inayogeuza maandishi yetu kuwa lugha ya mashine. Kompaila ya zamani ilikuwa na uvumilivu. Chombo kikijengwa kwa bahati mbaya katika mafaili saba, yenyewe ilivichukua vyote saba kuwa kimoja na kuendelea na safari. Mpya haikuwa na subira hiyo. Ilikataa, ikaniorodheshea vigeu tisa ambavyo tangu enzi za lile faili kubwa vilikuwa vinajengwa ndani ya faili la kichwa badala ya kutangazwa tu. Kila faili lililokisoma kichwa hicho lilijenga chombo chake. Anti alikuwa amevipangia kuvihamisha. Kadi zake tisa zilikuwa zimefungwa kwa mpira kwenye droo ya kwanza, na juu yake kikaratasi: *Hawa bado hawana nyumba. Nisubirini.*

Sikuifungua droo. Niliongeza neno moja, static, mbele ya kila kimoja kati ya vile tisa. Kompaila ikanyamaza. Niliona nimeshinda, nikaenda kula waakye, wali wetu wa maharage.

Neno hilo linamaanisha kwamba kila faili libaki na chombo chake cha siri, chenye jina lile lile, na wengine wasikione. Kwa hiyo joto halikuwa moja tena. Faili la kipimajoto lilikuwa na joto lake, nalo lilikuwa sahihi, na kioo cha mbele kilikuwa humo humo kikalionyesha vizuri. Faili la kengele lilikuwa na joto jingine ambalo hakuna aliyewahi kuliandikia kitu. Huko joto lilikuwa sifuri siku zote, na sifuri si namba ya kuipigia kengele. Nilibonyeza kitufe cha kujaribu kengele, ikalia, kwa sababu kitufe hakiulizi joto. Jaribio la kweli, la kulipasha jokofu kutwa nzima, sikulifanya. Nilitia sahihi kwamba nimelifanya.

Jumatatu iliyofuata simu ililia kutoka kituo kimoja cha ng'ambo ya ziwa. Alikuwa Sista Memunatu, muuguzi wa chanjo.

"Friji lenu linasema kumi na nne," alisema.

"Kumi na nne? Na kengele?"

"Kengele imetulia kama mtu aliyekula nyama ya wenzake. Umeme umekatika tangu juzi, mimi nilikuwa kijiji cha pili. Nimefungua sasa hivi nikaona kioo. Kaka yangu, kama nisingekitazama hicho kioo, ningekuwa nimeshamchoma mtoto wa kwanza."

"Umemchoma mtu?"

"Sijamchoma. Nimemwaga chanjo zote. Nina akina mama arobaini na mmoja hapa nje, mmoja amevuka ziwa na mapacha mgongoni na kifuani. Nimwambie nini?"

Nilimwambia nitampigia baadaye, nikakata. Kisha nikampigia Anti Dzifa huko Hohoe.

Anti Dzifa alirudi kesho yake asubuhi, siku nne kabla ya likizo yake kwisha, bado yuko katika nguo nyeusi ya msiba. Alivuta droo ya kwanza, akazitoa kadi tisa na mpira wake, akaketi kwenye kiti changu na kulifungua faili la kichwa. Alilitazama muda mrefu.

"Lantei," alisema, "joto linaishi wapi?"

"Kwenye faili la kichwa, Anti."

"Faili la kichwa si nyumba, ni ubao wa matangazo. Nakuuliza linaishi wapi."

"Sijui."

"Linaishi nyumba saba. Umezaa watoto saba ukawaita jina moja, ukawafungia kila mmoja chumba chake, halafu unashangaa ukiita haitiki uliyemtaka." Kisha akanitazama, na nadhani aliona nilivyokuwa. "Kaa. Si wakati wa kulia. Shika kadi, nisomee."

Nikamsomea. Kwa kila kadi alichagua faili moja, akakijenga chombo humo, na katika faili la kichwa akaacha tangazo tu, lenye lile neno extern ambalo yeye hulisoma kwa sauti "yuko kwingine." Joto, yuko kwingine. Mlango, yuko kwingine. Umeme, yuko kwingine. Alipofika kadi ya tisa nilikuwa nimeelewa kitu ambacho digrii yangu na ofisi zenye zulia hazikunifundisha. Kabla ya saa nne kazi ilikuwa imekwisha. Mchana, mbele ya kabati, nikavitoa nje vyote tisa peke yangu, nikiyataja majina mara tatu tatu, na soda nilinywa mpaka tumbo likajaa gesi.

Alasiri tuliitwa ofisini. Bwana Frempong alikuwa na ripoti mbele yake na kalamu wazi.

"Nani aliandika mistari hii tisa?"

"Kitengo changu," Anti alijibu.

"Nauliza jina, Madamu."

"Niliondoka nikaacha vigeu tisa bila nyumba. Aliyeondoka ni mimi. Andika Dzifa Agbenyega."

Mkurugenzi alinitazama. Nilikuwa na nafasi ya kufungua mdomo. Niliyatazama maji ya kunywa yaliyokuwa mezani, nakumbuka mpaka vile glasi ilivyokuwa na ufa, na sikusema kitu. Akaandika.

Nilimfuata koridoni. Nilimwambia narudi ndani nikaseme. Akanishika mkono wa shati.

"Uko kwenye majaribio. Ukisema leo, jioni huna kazi, na Naa Dei anajifungua mwezi ujao. Halafu kosa litaondoka na wewe, na atakayekuja atalirudia. Kaa hapa ulijue vizuri. Mradi mimi nipo kazini, hilo jambo usilitaje."

"Na wewe, Anti?"

"Mimi nimeshazoea kula na mkono mmoja."

Kisha tukasafiri, yeye na mimi na dereva, kwa pikapu na pantoni, kituo hadi kituo. Majokofu kumi na mawili, kila moja kutwa nzima. Tuliweka programu mpya, tukaingiza chupa za maji ya moto, tukaketi mlangoni kusubiri. Anti alikuja na kiti chake cha kukunja na gari, ule unga wa muhogo uliokaangwa, na karanga kwenye kopo. Kila kengele ilipolia alitikisa kichwa, akaandika, akasema, "Twende." Kwa Sista Memunatu alikaa siku mbili, mpaka shehena mpya ya chanjo ilipofika, akamsubiri yule mama wa mapacha. Mama huyo alipovuka ziwa mara ya pili, Anti alimpokea mtoto mmoja, akamshika wakati wa sindano. Mtoto alimkojolea ile nguo nyeusi. Anti alicheka, mara ya kwanza tangu kaka yake azikwe.

Septemba ile nafasi ya mkuu wa idara ilitangazwa. Hapakuwa na mwingine aliyeiweza kama yeye. Kamati ililifungua jalada lake, ikaikuta ile sentensi: *Uzembe katika kitengo ulisababishwa na D. Agbenyega.* Akaletwa mtu kutoka nje, aliyekaa mwaka mmoja na nusu akaondoka. Anti alimfundisha kazi bila kinyongo. Mimi nilithibitishwa kazini mwezi huo huo. Binti yangu alikuwa na miezi mitatu.

Nimekaa na jambo hili miaka minne. Sitasema kwamba lilininyima usingizi kila siku, maana si kweli, na hicho ndicho kinachoniumiza zaidi: kuna majuma mazima nililisahau. Halafu nilimwona akipanda ngazi na mkoba wake, bado mhandisi mwandamizi, bado anaomba ruhusa kwa watu aliowafundisha, nami nikawa wa kwanza kumfungulia mlango. Kumfungulia mlango hakukutosha.

Jumatatu iliyopita niliingia kwa Bwana Frempong, nikamwekea mezani barua ya kurasa mbili na ripoti ya jaribio niliyoitia sahihi ya uongo. Alisoma yote. Akavua miwani.

"Kwa nini sasa?" aliuliza.

"Aliniambia nisitaje mradi yupo kazini. Ijumaa saa sita hayupo."

"Unajua naweza kukuandikia wewe sentensi hii?"

"Ndilo ninaloliomba, Bwana."

Alifungua jalada, akaikata ile sentensi kwa mstari mmoja, na pembeni akaliandika jina langu. Akanipa na onyo la maandishi, ambalo nimelikunja na kuliweka mfukoni. Kuhusu cheo hakuna la kufanya sasa. Lakini ameagiza kwamba katika kitabu cha wastaafu ajulikane kama Mkuu wa Programu, kuanzia Septemba 2021, na akaongeza kwa mkono wake kwamba kampuni inasikitika. Nakala ya barua hiyo iko ndani ya bahasha ya kaki atakayokabidhiwa getini. Nilichagua kaki kwa makusudi.

Yapo mengine ya kumsifia. Wahandisi ishirini na sita wamepita mikononi mwake, na majokofu yanayobeba programu yake yako katika nchi tano. Sista Memunatu ameandika kwamba tangu mwaka ule kengele yake imelia mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja ilikuwa kweli. Ametuma na picha ya wale mapacha, wamesimama mbele ya jokofu, mmoja amefumba macho. Tumeibandika juu ya kabati.

Anti Dzifa anakwenda kuishi Hohoe, kwa dada yake, ambako anasema atalima mihogo na hataki kuulizwa kitu chochote chenye nukta mkato za lugha ya C. Hatumwamini. Ijumaa saa tano na nusu, kabla hajatia sahihi, tutakusanyika mbele ya kabati kwa maji na soda ya kimea, naye amedanganywa kwamba kuna kigeu kipya. Kadi imeshaandikwa, na nitaisoma mimi:

*Jina: Dzifa Agbenyega. Anakoishi: Hohoe. Anayeruhusiwa kumbadilisha: hakuna. Wanaomsoma: wote waliomo humu, na watakaokuja.*

Jina litatajwa mara tatu. Kwa niaba ya kampuni, Anti, tunakushukuru kwa kila kitu ulichokitafutia nyumba, na sisi wenyewe tukiwemo. Upate siha, mvua ya kutosha mihogo yako, na chakula cha mchana unachokula kwa mikono miwili.

Nami nimeonja maji, nayaita maji. Yale makosa tisa yalikuwa yangu.